Nyali ilipatikanaje, na Kisauni itarajie nini

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mkazi wa Mtopanga, Kisauni, mjini Mombasa. Huku kwetu hakuna mkutano wa siasa unaopita bila kuahidiwa kwamba Kisauni itakatwa tena, nasi tupate mbunge wetu kama Nyali walivyopata wao. Tanzania wameongeza majimbo manane kwa uchaguzi wao wa 2025, kwa hiyo naona si jambo gumu. Eneo bunge jipya hupatikanaje hasa? Kwa nini uchaguzi wa kwanza wa Nyali ulikwenda kinyume na Mombasa nzima? Tukipata letu, tutafaidika nini? Na jina lake huchaguliwa na nani?

Jibu: Marahaba mwanangu. Nianze na lile usilotaka kulisikia. Tarehe 10 Agosti 2027 utapiga kura ukiwa ndani ya Kisauni hii hii, na wadi zake saba: Mjambere, Junda, Bamburi, Mwakirunge, Mtopanga, Magogoni na Shanzu. Anayekuahidi vingine jukwaani ama hajakisoma Kifungu cha 89 cha Katiba, ama amekisoma na anategemea kwamba wewe hujakisoma.

Kifungu hicho kimeandika idadi kwa tarakimu: maeneo bunge ya Kenya ni 290. IEBC, tume huru ya uchaguzi na mipaka, ina uwezo wa kusogeza mipaka, kuunganisha, kugawa na kubadilisha majina, lakini haina uwezo wa kuongeza hata kiti kimoja juu ya hapo. Mkeka ni huo mmoja. Ukijivutia upande wako, kuna mwenzio atalala sakafuni. Hilo ndilo jambo ambalo halisemwi mikutanoni. Mgombea anayewaahidi watu wa Kisauni kiti kipya alipaswa awaambie pia ni kiti cha nani kitakachofutwa.

Hesabu yenyewe si ngumu, tuipige pamoja. Sensa ya 2019 ilipata Wakenya 47,564,296. Gawa kwa 290, unapata karibu watu 164,015 kwa kila eneo bunge. Hicho ndicho kipimo. Katiba inaruhusu kukiuka kipimo hicho, juu au chini, kwa asilimia 40 katika miji mikuu na sehemu zenye watu wachache, na kwa asilimia 30 kwingineko. Kwa mji kama Mombasa, basi, kikomo cha juu ni kama watu 229,600.

Sasa itazame Kisauni. Kaunti ndogo ya Kisauni ilihesabiwa watu 291,930. Mmezidi kikomo kwa zaidi ya watu 62,000, na hapo bado hatujataja waliohamia tangu 2019. Likoni nayo imezidi, ina watu 250,358. Nyali, yenye 216,577, imo ndani ya kikomo lakini imekaribia ukingo. Changamwe ina 131,882 tu. Kwa hiyo madai yenu yana msingi, tena mzuri. Ukiigawa Mombasa nzima, watu 1,208,333, kwa kipimo kile cha 164,015, unapata saba na ushee. Kaunti ina viti sita.

Lakini hapo ndipo penye ujanja wa kisheria ambao watu wa mikutano hawautaji. Kuzidi kikomo hakumaanishi lazima mpewe kiti. Tume inaweza kuondoa msongamano wa Kisauni kwa kusogeza mpaka, ikawahamishia wadi moja au mbili jirani zenu. Shida ni kwamba Kisauni imepakana na Nyali, na Nyali haina nafasi ya kupokea watu wengi. Likoni iko ng'ambo ya kivuko, na Changamwe, yenye nafasi, iko upande wa bara ya magharibi, ng'ambo ya mkono wa bahari. Kama ningeulizwa na tume, ningesema kiti cha saba cha Mombasa kina hoja nzito. Kilichobaki ni kutafuta kitakapotoka.

Na kitatoka wapi? Hapa mwanangu naomba usome kwa utulivu, maana ni ndugu zetu. Kaunti ya Lamu ilihesabiwa watu 143,920 mwaka 2019, nayo ina viti viwili: Lamu Mashariki na Lamu Magharibi. Wastani wake ni kama watu 71,960 kwa kila kiti. Hata ukiwapa ile ruhusa ya asilimia 40 ya sehemu zenye watu wachache, kikomo cha chini ni kama 98,400. Hawafiki. Taita Taveta wana viti vinne (Taveta, Wundanyi, Mwatate na Voi) kwa watu 340,671. Wastani ni 85,168, nao hawafiki. Wakati huohuo Kwale, yenye watu 866,820 na viti vinne, ina wastani wa 216,705. Kwale yote si mji, na kwa kipimo cha asilimia 30 imeshavuka kikomo. Wakija mbele ya tume na karatasi zao, watu wa Kinango na Lungalunga wanaweza kuwatangulia nyinyi.

Utaniuliza, mbona Lamu haikupoteza kiti mara iliyopita? Kwa sababu Jedwali la Sita la Katiba liliweka kinga ya mara moja tu: mapitio ya kwanza chini ya Katiba mpya yasifute eneo bunge lolote lililokuwepo. Zaidi ya maeneo bunge 20 nchini yaliyokuwa chini ya kipimo yalipona kwa kinga hiyo. Mapitio yajayo hayana kinga. Ndiyo sababu wabunge wengi kutoka sehemu zenye watu wachache hawana haraka ya mapitio yoyote, na ukiona kimya chao usidhani wamesahau.

Basi turudi nyuma tuone Nyali ilivyopatikana, maana mambo yalikuwa tofauti kabisa. Kuanzia uchaguzi wa 1997 Kenya ilikuwa na maeneo bunge 210. Mombasa ilikuwa na manne: Mvita, Likoni, Changamwe na Kisauni. Baada ya vurugu za uchaguzi wa 2007, tume ya Jaji Kriegler, iliyouchunguza uchaguzi huo, ilitaja miongoni mwa kasoro tofauti kubwa ya ukubwa wa maeneo bunge, kwamba kura ya mtu mmoja ilikuwa na uzito mara kadhaa kuliko ya mwenzake. Katiba ya 2010 ikaongeza viti 80 kwa mkupuo. Hivyo mwaka huo hakuna aliyenyang'anywa. Kulikuwa na viti 80 mezani na kila kona ya nchi imenyoosha mkono.

Ugomvi ulikuwepo hata hivyo. Tume ya kwanza, iliyoongozwa na Andrew Ligale, ilitoa orodha yake mwishoni mwa 2010, ikapingwa Bungeni na mahakamani mpaka muda wa tume ukaisha. Kazi ikaangukia IEBC, chini ya Isaack Hassan, iliyotangaza mipaka katika gazeti rasmi la serikali Machi 2012, na humo Nyali ikakatwa kutoka Kisauni. Kesi zaidi ya 100 zikafunguliwa, na Julai mwaka huo Mahakama Kuu ikaziamua zote pamoja, ikarekebisha baadhi ya mipaka na majina na kuacha sehemu kubwa kama ilivyo. Jambo moja dogo linanifurahisha kila nikilikumbuka: Katiba inataka mapitio yakamilike angalau miezi 12 kabla ya uchaguzi mkuu. Mipaka ilitangazwa tarehe 6 Machi 2012, uchaguzi ukafanyika tarehe 4 Machi 2013. Walipungukiwa siku mbili! Kilichowaokoa ni kifungu kingine cha mpito kilichosema sharti hilo halihusu uchaguzi wa kwanza.

Safari hii hakuna kifungu cha kuwaokoa. Mapitio yanatakiwa kufanywa kila baada ya miaka minane hadi 12, kwa hiyo mwisho wa yale yaliyofuata ulikuwa Machi 2024. Wakati huo IEBC haikuwa na kamishna hata mmoja. Muhula wa mwenyekiti Wafula Chebukati na wenzake waliobaki uliisha Januari 2023, na makamishna wapya chini ya Erastus Ethekon wakaapishwa Julai 2025. Ili mipaka mipya itumike 2027, ilitakiwa ikamilike kabla ya Agosti 2026, na tume yenyewe ilikwisha kusema haitawezekana. Yakikamilika baadaye, yatangoja uchaguzi unaofuata. Ndiyo maana nilikuwa na uhakika pale juu.

Kuna njia ya pili, ya kuibadilisha Katiba na kuongeza idadi. Ilijaribiwa na mpango wa BBI, uliotaka viti 70 zaidi vifike 360. Mahakama ya Juu iliutupa mpango huo Machi 2022, na miongoni mwa makosa iliyoyataja ni hilo la viti 70: viliingizwa na kugawiwa kaunti bila wananchi kushirikishwa.

Kwa Tanzania, umeona sawa lakini sheria ni nyingine. Katiba yao haikuandika idadi ya majimbo. Tume hugawa kwa kibali cha Rais. Ndiyo maana Mei 2025 tume yao iliweza kutangaza Kivule, Chamazi, Mtumba, Uyole, Bariadi Mjini, Katoro, Chato Kusini na Itwangi, majimbo yakafika 272, na miezi mitano baadaye watu wakapiga kura. Hakuna jimbo lililofutwa. Lakini pia hakuna wa kwenda kulalamika: Katiba yao inazuia mahakama kuchunguza ugawaji huo, wakati hapa kwetu una siku 30 za kufika Mahakama Kuu tangu mipaka ichapishwe, na kesi lazima iamuliwe ndani ya miezi mitatu. Mimi ningechagua ugumu wetu kuliko wepesi wao.

Sasa uchaguzi wa kwanza wa Nyali. Swali lako lina dhana moja ya kunyoosha kidogo. Ni kweli chama cha ODM kilitwaa ugavana wa Mombasa 2013 kwa Hassan Joho, na mbunge wa kwanza wa Nyali, Hezron Awiti Bollo, alikuwa wa Wiper. Lakini seneta wa kwanza wa Mombasa, Hassan Omar, naye alikuwa wa Wiper, na vyama hivyo viwili vilikuwa ndani ya muungano mmoja wa CORD. Kwenye karatasi ya urais vilikuwa kitu kimoja. Kwenye karatasi ya kijani ya mbunge vilipigana. Mpiga kura wa Kongowea hakuona kosa lolote kumpa huyu urais na yule ubunge.

Lililo la ajabu ni lililofuata. Mwaka 2017 Nyali ikamchagua Mohammed Ali, mwanahabari aliyekuwa akijulikana kwa upelelezi wake wa televisheni, kama mgombea huru baada ya kukosa tikiti ya ODM katika mchujo alioulalamikia. Mwaka 2022 ikamrudisha, safari hii kwa chama cha UDA. Yaani katika chaguzi zake tatu za kwanza Nyali ilikwenda Wiper, ikaenda kwa mgombea huru, ikaenda UDA, na mara zote tatu gavana wa Mombasa akawa wa ODM. Halafu itazame Jomvu, iliyokatwa kutoka Changamwe siku ileile: Badi Twalib wa ODM 2013, Badi Twalib 2017, Badi Twalib 2022. Maeneo bunge yamezaliwa pamoja, moja halitabiriki na jingine halijabadilisha mtu.

Maelezo yangu ni mpaka wenyewe. Nyali ilipewa wadi tano: Frere Town, Ziwa la Ng'ombe, Mkomani, Kongowea na Kadzandani. Ndani ya mpaka huo mna majumba ya ufukweni ya Nyali, mna vyumba vya kupanga vya Ziwa la Ng'ombe, na mna soko la Kongowea ambalo wafanyabiashara wake wanatoka kila pembe ya nchi. Hakuna ukoo, msikiti wala chama kimoja kinachoweza kusimama kikasema hawa wote ni wangu. Jomvu ni wadi tatu tu, Jomvu Kuu, Miritini na Mikindani, na mtu akijenga jina hapo linamfikia kila mtu. Ule mstari wa 2012 ulikwisha kuamua mengi kabla mgombea yeyote hajachapisha bango.

Jambo la pili ni kwamba kiti hakikuwa na mwenyewe. Joho, aliyekuwa mbunge wa Kisauni tangu 2007, alikwenda kugombea ugavana, kwa hiyo pande zote mbili za Kisauni ya zamani zilibaki wazi. Hii haitokei kila mara. Kwa kawaida mbunge aliyepo huchagua upande anaoona una kura zake na kumwachia mwenzake mfupa. Tumeliona Mbeya, ambako Tulia Ackson, aliyekuwa Spika wa Bunge la Tanzania wakati huo, aliiacha Mbeya Mjini akahamia Uyole mpya. Siku Kisauni ikikatwa, swali la kwanza la kuuliza ni mbunge wa wakati huo atahamisha ofisi yake upande gani.

La tatu, na hili watu hulipuuza, ni orodha. Eneo bunge jipya halina tawi la chama, halina kamati, halina daftari la wanachama. Yote huundwa upya kwa haraka, na anayeliunda ndiye anayeendesha kura za mchujo. Mwaka 2012 hata daftari la wapiga kura la nchi nzima lilianza upya kwa mashine za alama za vidole, kati ya 19 Novemba na 18 Desemba, wakapatikana wapiga kura kama milioni 14.3. Mchujo ukafanyika Januari, kura Machi. Mgombea aliyetumia siku zile 30 za usajili kuwapeleka watu wake vituoni alikuwa ameshatangulia. Hata mgombea huru ana mlango mwembamba zaidi katika eneo jipya: anahitaji wapiga kura 1,000 wa kumuunga mkono, na wote wawe wamesajiliwa ndani ya mpaka mpya. Wafuasi wake 300 waliobaki mtaa wa pili, upande wa pili wa mstari, hawahesabiki tena.

Kuhusu faida, sitakudanganya: kubwa na ya haraka ilikuwa hazina ya maendeleo ya eneo bunge, na basari zake. Kisauni moja ilipokuwa mbili, fungu lilikuwa mawili, kamati mbili, na foleni ya basari ikapungua. Lakini Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ya hazina hiyo inakwenda kinyume na Katiba, na mvutano wake umeendelea. Ukiiondoa hazina hiyo mezani, mbunge wa ziada ni kura moja zaidi Bungeni na ofisi moja iliyo karibu. Barabara za mitaa, zahanati na taka za Mwakirunge ni mambo ya kaunti, na huko mwakilishi wenu ni wa wadi, ambaye mnaye tayari. Ningependa ile nguvu mnayotumia kudai mbunge wa pili mtumie hata robo yake kumuuliza huyo maswali.

Kama bado mnataka kiti, na haki mnayo, andaeni maandishi sasa mkiyaweka tayari kwa tume itakapoanza mapitio. Msiandike kwamba mmesahaulika. Kila mtu Kenya huandika hivyo. Andikeni takwimu zile za sensa, chora mpaka mnaoupendekeza ukifuata barabara au kijito kinachojulikana, onyesheni kila upande utabaki na watu wangapi, kisha elezeni uhusiano wa watu: wanaosali pamoja, wanaouza soko moja, watoto wanaosoma shule moja. Vitu hivyo, idadi ya watu, jiografia, njia za mawasiliano na mahusiano ya kihistoria, kiuchumi na kitamaduni, ndivyo Kifungu cha 89 kinavyoiamuru tume kuvitazama.

Na jina? Hilo nalo ni la tume. Mapitio huwa ya majina na mipaka pamoja. Pendekezeni mapema, tena jina la mahali. Embakasi ya Nairobi iligawanywa sehemu tano, ikaishia kuwa Kusini, Kaskazini, Kati, Mashariki na Magharibi, na mpaka leo mgeni akiambiwa mbunge wa Embakasi lazima aulize wa upande gani. Mkikaa kimya mtaitwa Kisauni Kaskazini.